Kaa wa Mida, tafi wa Gazi au kamba wa Ungwana: jiko la Nairobi liagize wapi?

Ingia soko la samaki la Gikomba saa kumi na mbili asubuhi, uulizie tafi. Utatazamwa kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Pale mwenye enzi ni ziwa: sangara, ngege, omena, na siku hizi yule ngege wa kwenye katoni anayetoka China akiwa mgumu kama tofali. Samaki wa bahari utawapata City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, ila bei ya pale imekatwa kwa kimo cha wanunuzi wa Westlands, si sisi tunaouza wali wa nazi kwa sahani huku Eastlands. Kwa hiyo wengi wetu tunapiga simu pwani, tunatuma pesa kwa M-Pesa, na alfajiri tunasimama River Road kungoja kasha lishushwe kutoka basi la usiku.

Mwaka huu watu wanne wanaofungua hoteli ndogo wameniuliza swali lilelile: nichukue samaki wapi, na kilo ni shilingi ngapi? Hiyo nusu ya pili ndiyo inayowaponza. Bei ya Jumatatu si ya Ijumaa, na ya Ramadhani haifanani na yoyote. Mimi siku hizi naanza na maji. Mdomo wake una upana gani? Kuna mto unaoingia? Chini kuna tope, majani au mawe? Mtu akinijibu hayo, hata kabla hajataja samaki, najua atanitumia nini, miezi gani ataniambia bahari imechafuka, na mzigo utafika katika hali gani.

Nimenunua kutoka mikono mitatu ya bahari: Ghuba ya Ungwana kaskazini mwa Malindi, Ghuba ya Gazi kule Kwale, na Hori ya Mida karibu na Watamu. Zote ni pwani yetu, zote zina mikoko, na wauzaji wa kila mahali watakuapia kwamba samaki wao ndiye mtamu. Lakini hazifanani hata kidogo.

Naanza na Ungwana kwa sababu sisi wa Nairobi tuna udugu nayo tusioujua. Maji mengi ya bomba tunayokunywa yanatoka bwawa la Ndakaini, kwenye mto Thika, na Thika ni tawi la Tana. Tukishayatumia yanateremka na mto Nairobi, pamoja na kila kilichotupwa humo kuanzia mjini hadi Korogocho, mpaka Athi. Athi ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Tana unamwaga Kipini, Sabaki unamwaga juu kidogo ya Malindi, na kati ya Malindi na Kipini ndiyo Ungwana yenyewe. Yaani tunakunywa mto mmoja, tunachafua wa pili, na yote miwili inakuja kukutana kwenye ghuba moja.

Ni ghuba iliyo wazi, zaidi ya kilomita 80 kutoka pembe hadi pembe, haina mlango. Kwingine pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, lakini matumbawe hayavumilii tope wala maji matamu, na mito hii inaleta vyote viwili. Hivyo mwamba hapa umekatika, sakafu ni tope na mchanga, na kina kifupi kinakwenda mbali baharini. Kwa changu, samaki wa mwambani, hapo si mahali; kwa kamba ni pepo. Kamba hutaga baharini, watoto wake wanaingia midomo ya mito na mikoko kukua, halafu wanarudi kwenye tope la nje wakiwa wakubwa. Mvua ikipiga Ukambani na Murang'a, chakula chao kinateremka. Ndiyo maana muuzaji wangu wa Ngomeni, kijana anayeniita shangazi, akipiga simu haanzi na habari za samaki.

"Shangazi, mto umeshuka. Maji mekundu."

"Mekundu kiasi gani, mwanangu?"

"Kama chai iliyonyimwa maziwa."

Hapo natuma pesa.

Utajiri huo ndio ulioleta ugomvi. Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua kamba hapa, na wavuvi wa mitumbwi wakalia kwamba zinasogea karibu mno, zinazoa jarife zao, yaani nyavu zao za kutega, na zinatupa baharini samaki waliokufa ambao wao wangewauza. Meli zilisimamishwa mwaka 2006. Ziliruhusiwa tena chini ya mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa 2010: zikae zaidi ya maili 3 za bahari kutoka ufuoni, nyavu zao ziwe na kifaa cha kumtolea kasa, na zisivue kuanzia Novemba hadi Machi. Wewe mwenye jiko ujue tu kwamba kuna kamba wa namna mbili. Wa meli amegandishwa hukohuko, amepangwa kwa saizi, hana mchanga. Wa mtumbwi ni mchanganyiko, mkubwa na mdogo katika mfuko mmoja, ila jana alikuwa anaruka. Una harusi ya watu mia tatu South C? Chukua wa meli, sahani zitafanana na hakuna shemeji atakayenuna. Kwa pilau ya Ijumaa mimi simbadilishi huyu wa pili na mtu.

Tabu ya Ungwana ni njia. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, Mombasa hadi Nairobi karibu 480, na Ngomeni, pale Waitaliano walipokuwa wakirushia setilaiti, iko mbele zaidi ya Malindi. Kamba hangoji. Mwaka jana basi moja, sitalitaja, liliharibika Mtito Andei. Kondakta akashusha mizigo ili wapate kufika kwenye spea, na kasha langu likakaa juani tangu saa mbili hadi saa saba. Nilipolifungua River Road vichwa vyote vilikuwa vimekuwa vyeusi. Weusi peke yake hauui mtu. Ni kamba kuanza kuharibika rangi kama ndizi iliyokatwa, na ukiwahi unang'oa vichwa unaendelea. Lakini nilipomshika mmoja mgongoni alikuwa laini kama ugali wa jana, na harufu ilikuwa ya dawa ya choo. Kasha zima likaenda kwenye pipa. Kondakta aliniambia pole mama, bahari ni ya Mungu.

Tangu siku hiyo nina masharti. Barafu ya vipande sitaki, kwa sababu ikiyeyuka maji yanavuja kwenye buti la basi, wanaudhika, na safari ya pili wanakataa mzigo wako. Nataka chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa siku mbili, zimelazwa chini, katikati na juu, na kasha limezungushiwa gundi ya karatasi mara mbili. Kamba waje na vichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachonisimulia safari ilivyokuwa.

Gazi ni hadithi nyingine kabisa. Ukitoka Mombasa kwenda kusini, upite Ukunda, kabla ya Msambweni, kama kilomita 50 kwa jumla. Siku hizi unaweza kukwepa kivuko cha Likoni kwa barabara ya Dongo Kundu, na hilo tu limebadilisha hesabu zangu, maana zamani kasha lilikuwa likila saa nzima kwenye foleni ya feri. Ghuba ni ndogo, kama kilomita za mraba 18 ukihesabu na mikoko. Rasi ya Chale imeikinga upande wa mashariki na mwamba umesimama mbele yake, kwa hiyo mawimbi yanaingia yakiwa yameshachoka. Mito ipo miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, lakini ni mito midogo. Inalisha mikoko bila kuua matumbawe.

Hapo ndipo siri ya Gazi ilipo. Ukitoka nchi kavu unakuta mikoko, mbele ya mikoko majani ya bahari, mbele ya majani mwamba, vyote katika mwendo ambao mtu wa mtumbwi anaumaliza kabla hajamaliza kutafuna miwa. Samaki anakua kwenye mizizi, anakula kwenye majani, anazeeka mwambani. Kwa hiyo unapata tafi na changu kwa ukawaida ambao Ungwana haiwezi kukupa. Wadigo wa pale wanavua kwa malema, ile mitego ya kusukwa, na kwa mshipi. Wapemba huja kwa msimu na nyavu kubwa zaidi, na kila mwaka kuna maneno kati yao na wenyeji. Nikiletewa samaki walio chini ya kiganja nawarudisha kwa maneno makali, kwa sababu najua wametoka kwenye juya, wavu wa kuburura ufuoni ambao ulipigwa marufuku mwaka 2001 na bado unatembea usiku.

Mikoko yenyewe ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Sehemu ilipandwa upya, watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakiwa na kituo palepale, na tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117, wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Silitaji hili kwa sababu ya wema. Nalitaja kwa sababu mimi nanunua kwa mwaka mzima, na mahali ambapo wenyeji wanalipwa ili mikoko ibaki, mwakani nitakuta tafi.

Huyo tafi ana adabu zake. Mgongoni ana miiba yenye sumu, na atakayekuparia asipojua, jioni atakuwa ameloweka mkono kwenye maji moto akilia. Anakula majani ya bahari, basi tumbo lake likikaa likaharibika, nyama yote inashika harufu ya ufuo wa maji kupwa. Mwambie muuzaji amtumbue hapohapo Gazi, kabla ya barafu. Mzee ninayenunua kwake, namwita baba, mwanzoni alinishangaa: "Watu wa bara hamjui, tafi ni tumbo lake!" Kweli, wapo wanaompenda na tumbo lake, akiwa ametoka majini asubuhi hiyo. Ila akila kilomita 530 za barabara, hapana. Changu hana shida hizo, ni samaki mpole, na mteja wa Nairobi aliyezoea ngege anamkubali haraka. Pono usiagize kabisa. Rangi yake inavutia, lakini nyama yake ni laini na inakufa njiani. Tena ndiye anayekwangua mwani kwenye mwamba, mwache afanye kazi yake.

Sasa upepo, maana hapa ndipo Gazi inaipiga Ungwana. Kusi ikivuma, tangu kama Aprili hadi Septemba, bahari ya nje inachafuka na mitumbwi haivuki mwamba. Ghuba iliyo wazi inabaki na vyombo vikubwa na vijana wasioogopa. Ghuba iliyokingwa inaendelea kuvua ndani, kidogo kidogo, lakini kila siku. Kaskazi ikirudi, Novemba au Desemba hadi Machi, bahari inalala, kila mtu anatoka, nguru na jodari wanaonekana, na bei zinashuka kila mahali. Nimeona watu wakifungua hoteli mwezi wa Januari kwa bei za kaskazi, wakaandika menyu kwa rangi ya mafuta ukutani, ikifika Juni wanaifuta kwa brashi.

Na Mida? Naipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoagiza kidogo kuliko zote.

Hii ndiyo hori hasa. Mlango wake ni mwembamba, ndani inatanuka mpaka kama kilomita za mraba 32, na hakuna mto unaoingia; maji matamu yanachuruzika tu kutoka chini ya ardhi. Iko upande wa chini wa Watamu, magofu ya Gede yakiwa karibu. Imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, kwa hiyo uvuvi unaoruhusiwa ni wa zana za jadi. Bila mto, anayetawala ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka kwa mlango ule mmoja kwa kasi ya kumchukua mtu, na nyuma yake yanabaki matandazo ya tope na ndege wengi ajabu waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ndipo wachukuaji kaa wa Dabaso na Uyombo wanapoingia kwenye mikoko na mti wenye ndoano, wanachokonoa mashimo.

Kaa wa mikoko ana sifa moja ambayo tafi na kamba hawana: anasafiri hai. Magando yamefungwa kwa kamba ya ukindu, yuko kwenye kikapu chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, bila barafu, anafika Nairobi akiwa bado ana hasira. Mzigo ukifika usiangalie ukubwa. Mgeuze, umbonyeze kwa kidole gumba karibu na miguu ya nyuma. Pakiwa pagumu kama sahani ya udongo, amejaa. Pakibonyea, amejivua gamba juzi na ndani ni maji. Umelipia kilo moja, utakula robo. Jike mwenye mayai chini ya tumbo simchukui, na muuzaji wangu anajua nikimkuta namlipa bei ya samaki wa kuoza.

Lakini hoteli haiendeshwi kwa kaa. Wanakuja wawili, wanakuja kumi na wawili, wiki nyingine hawaji. Desemba na Januari hoteli za watalii za Watamu zinabeba wote kwa bei ambayo sahani yangu haiwezi kuirudisha. Ukiwa na mkahawa wa Kilimani wenye meza sita na wateja wanaopiga picha chakula kabla ya kula, hapo Mida ni yako: weka kaa kwenye ubao, si kwenye menyu, "akiwepo". Wengine tuliobaki, tupande basi twende tukamle kulekule Dabaso, kwenye zile hoteli za wanakijiji zilizojengwa juu ya mikoko.

Mtu ataniuliza, na Kilifi je, na Mtwapa? Ni hori nzuri, samaki wanatoka, ila mimi sina muuzaji wa kudumu huko kwa hiyo sisemi sana. Tudor na Port Reitz, zinazoizunguka Mombasa, ni karibu na kituo cha basi na ndiyo sababu watu wanazitamani. Lakini maji taka ya mji yanaishia humo, na chochote chenye kombe, chaza hasa, kinachuja na kuweka tumboni kila kinachopita. Samaki wa kupita sawa. Chaza hapana.

Basi kama hoteli yako ni ya wali, sahani sitini au themanini kwa siku, na unataka kitu kitakachokuja Juni kama kilivyokuja Februari, shika Gazi, tafuta mzee mmoja, mlipe vizuri, usimhamehame. Kama jina lako litajengwa na pilau ya kamba au una oda za sherehe, shika Ungwana, na tenga pesa za kasha moja kwenye kila kumi litakalokufa njiani. Ukiweza kushika zote mbili, usiziagize siku moja. Mabasi mawili yakichelewa pamoja utapika maharage.

Wiki hii kusi imeanza. Gazi wameniahidi kilo ishirini na tano za tafi na changu, waliotumbuliwa, kwa basi la Jumatano usiku. Ngomeni kijana anasema Sabaki umeshuka na tope jipya lakini nje mawimbi makubwa, tusubiri siku tatu. Kwa Mida nimetazama kalenda ya msikiti iliyotundikwa juu ya gesi: leo mwezi una siku kumi na mbili tangu uandame. Bamvua inakuja Ijumaa.